Haki ya Umaima kwa Aliyevua Joho

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa jangwani ulioitwa Wadi Sidra palikuwa na kadhi mcha Mungu, jina lake Mundhir bin Aswad. Alikuwa mtu wa swala na saumu, mpole wa kauli, asiyepokea hata kikapu cha tende kutoka kwa mwenye kesi. Nawaambia haya mapema msije mkamdhania vibaya. Aliyoyafanya hakuyafanya kwa rushwa. Aliyafanya kwa kupenda amani, na hilo ndilo linalonitisha zaidi kila ninapokisimulia kisa hiki.

Mji ule uliishi kwa mfereji mmoja. Maji yalitoka mlimani yakagawiwa mashamba ya mitende kwa zamu, na juu ya mfereji aliwekwa msimamizi wa maji, aliyevishwa joho jeupe mbele ya watu wote. Neno lake lilikuwa hukumu. Akisema fulani ameiba maji, mtu huyo alinyang'anywa zamu yake, na ushahidi wake haukupokewa tena popote, si sokoni wala barazani. Siku hizo msimamizi alikuwa Rafii bin Hilal, rafiki wa kadhi tangu utotoni. Walihifadhi Kurani kwa mwalimu mmoja.

Ikawa alfajiri moja ukingo wa mfereji umekutwa umebomolewa, maji yanamiminika katika shamba la Juraij, shemeji yake Rafii. Na pale pale akakutwa mkulima mmoja mnyonge, Dhakwani, jembe mkononi, matope hadi magotini. Dhakwani alikuwa akienda msikitini, akasikia maji yakienda kusiko kwake, akakimbilia jembe ili azibe. Maskini ya Mungu, wema wake ndio uliomponza! Rafii alilitazama shamba la shemeji yake lililofurika, akamtazama Dhakwani, akajua. Alijua, nasema, wala hapakuwa na shaka hata chembe. Lakini mkewe alikuwa dada yake Juraij, naye akaogopa kurudi nyumbani na habari ile. Akanyoosha kidole akasema, "Mwizi ni huyu."

Basi yakawa yaliyokuwa. Mwaka ule Dhakwani aliuona mwezi mwandamo wa Ramadhani peke yake, akaja barazani akihema, "Nimeuona, wallahi nimeuona!" Watu wakatazamana. Ushahidi wa mwizi wa maji! Wakamrudisha nyumbani. Siku ya pili mji mzima ulikula mchana kweupe, na yeye na mkewe Umaima wakafunga peke yao, mlango umerudishwa. Baada ya hapo hakukanyaga tena barazani. Mitende yake ikakauka mmoja baada ya mmoja, naye akanyong'onyea, akafa bila ugonjwa wenye jina. Akamwacha Umaima binti Tarif na binti wawili, Hawla na mdogo wake, ambao hakuna aliyewaposa, maana nani angepeleka posa katika nyumba ya mwizi?

Miaka ikapita. Juraij akanuia kuhiji, na moyo ukamsuta kwenda kwenye nyumba ya Mungu na haki ya mtu shingoni. Akabisha hodi kwa Umaima, jirani zake wawili wakiwapo, akaangua kilio. "Mama Hawla," alisema, "ukingo ule niliubomoa mimi, na Rafii alijua. Nisamehe, ninakwenda Makka." Akaondoka na msafara, na habari zikaenea mjini kabla vumbi la ngamia halijatua.

Rafii naye zikamfikia. Na yeye alifanya nini? Alikuwa mwepesi, jamaa huyu! Ijumaa ile ile, baada ya swala, alisimama mbele ya watu, akavua joho, akaweka chini funguo za milango ya mfereji. "Ndugu zangu," akasema, "nimezeeka na nimechoka. Nilipowakosea nisameheni." Ilikuwa desturi ya mji ule kwamba msimamizi akiondoka huomba radhi, na watu wote huitikia kwa pamoja. Msikiti ukatikisika, "Tumekusamehe!" Nyuma ya pazia la wanawake, Umaima alifumba mdomo wake, hakuitikia.

Akaenda kwanza kwa msimamizi mpya, ili jina la mumewe lisafishwe. Msimamizi mpya akamwambia hawezi kuifuta hukumu ya mwenziwe aliyemtangulia mpaka kadhi asikilize kesi na kuthibitisha kwamba hukumu ile ni batili. Ndipo akaenda kwa kadhi, akasimama barazani na baibui lake lililofifia, akaeleza yote.

Kadhi Mundhir alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Binti Tarif, kanuni yetu unaijua. Msimamizi akidhulumu huletwa hapa, na ikithibiti huvuliwa joho. Rafii ameshavua."

Mzee mmoja wa baraza akadakia, "Tumvue nini tena, ngozi?" Watu wakacheka.

Umaima hakucheka. "Sikuja kumvua kitu," alisema. "Alipomwita mume wangu mwizi alikuwa amelivaa joho hilo. Juzi amelivua, lakini neno lake bado limetukaa shingoni."

"Watu wamemsamehe, mama. Umesikia kwa masikio yako."

"Wamesamehe cha kwao. Changu nani aliwapa wakitoe?"

Kadhi akainamisha uso. Aliona, na hapa ndipo alipojikwaa, kwamba akiifungua kesi ile mji utapasuka. Jamaa za Rafii watainuka, waliosamehe wataona wamefanywa wajinga, na rafiki yake mzee atasimamishwa mbele ya watu. Akasema, "Aliyetoka katika cheo, baraza hili halina mkono juu yake. Subiri, mama. Kwa Mwenyezi Mungu iko hukumu isiyopotea."

"Hiyo naijua, Sheikh, wala sikuja kuiomba kwako. Nilikuja kuomba ile aliyokukabidhi wewe."

Akageuka akaenda zake. Kadhi akaita kesi nyingine, ya mbuzi aliyekula ngano ya jirani, akaihukumu vizuri sana, kwa dalili na hoja. Lakini tangu siku ile kila aliposimama kuswali, aya za uadilifu zilimwia nzito mdomoni, akawa anazikwepa na kusoma nyingine. Mtu anakwepa maneno ya Mola wake! Tumuombe Mungu atuepushe na siku kama hiyo.

Hazikupita siku nyingi akaambiwa Rafii ni mgonjwa. Akaenda kumzuru, akamkuta amelala ameelekea ukutani, amekonda, mashavu yameingia ndani. Walipobaki wawili, Rafii akasema bila kugeuka, "Mundhir, nasikia yule mjane alikuja kwako."

"Alikuja."

"Ukamrudisha."

"Nilikuhifadhi, ndugu yangu. Sheria ilinipa njia."

Ndipo Rafii akageuka, macho yamejaa maji. "Ulinihifadhi na nini? Dhakwani hakuiba. Nilijua tangu asubuhi ile, na kila asubuhi baada ya hiyo. Nilipovua joho niliona nimeponyoka, nikafurahi siku ile moja tu. Baada ya hapo nikawa nasubiri uniite. Mimi sina ubavu wa kujipeleka mwenyewe, Mundhir, ni mwoga, unanijua. Lakini ungeniita ningekuja. Ungenishika mkono ukaniweka mbele yake, ningesema."

Kadhi hakuwahi kufikiri kwamba mlango alioufunga, nyuma yake walikuwa wamesimama watu wawili. Akamshika rafiki yake mkono. "Nitakuita," alisema. "Baada ya Ijumaa nitamwita Umaima, nawe utabebwa hadi barazani. Tulia."

"Usikawie," akasema Rafii.

Na Ijumaa haikumkuta. Alifariki Alhamisi, jua likipanda, na mtu wa kwanza kupelekewa habari alikuwa kadhi. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Akakaa chini kwenye vumbi la ua wake, akajipiga kifuani akisema, "Nimemwua ndugu yangu mara mbili, nilipomfungia mlango na nilipokawia kumwita. Nimemwua mara mbili."

Mji ukakusanyika msibani. Umaima naye alikuja, maana jirani ni jirani, akampa mkono mjane wa Rafii na kuketi na wanawake nyuma ya pazia. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, jeneza likawekwa uani, na kadhi akasimama kutimiza desturi inayojulikana na kila mtu. Akaanza kwa sauti iliyozoea maneno yale, "Enyi Waislamu, ndugu yenu huyu anaondoka. Mwenye haki kwake, ya mali au ya heshima, ajitokeze kabla hatujamzika..."

Hapo ulimi ukamkwama. Watu wakangoja. Akatazama jeneza, akatazama watu.

"Subhanallah," akasema. "Sikilizeni ninalosema! Huyu ametoka duniani kabisa, nasi tunamwulizia haki za watu. Na alipotoka kwenye cheo tu, bado anatembea sokoni, anakula na kusalimiana na watu, mimi kadhi wenu nilisema ametoka, hana wa kumdai. Nilisoma wapi hilo? Nashuhudia mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba Rafii aliniambia kwa kinywa chake kuwa Dhakwani hakuiba maji. Hukumu ile ni batili. Na mwanamke aliyekuja kuniambia hivyo nilimfukuza kwa maneno mazuri."

Mtoto mkubwa wa Rafii, Ziyad, akamjia juu. "Baba yangu yuko mbele yako kwenye sanda, kadhi! Huoni haya kumwaibisha siku kama ya leo?"

"Naona haya, mwanangu," akajibu. "Lakini nilimwaibisha siku niliyokataa kumwita. Angekuja kwa miguu yake akasema mwenyewe, akaomba radhi, akarudi kwenu mtu mwepesi. Leo nasema mimi kwa niaba yake, na yeye hawezi hata kuinua kidole."

Ziyad akafunika uso kwa kilemba chake, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kadhi akaelekea upande wa pazia. "Umaima binti Tarif, haki ni yako. Useme lolote, au usiseme."

Jua likawa linapiga juu ya jeneza. Wanawake waliomzunguka wakamnong'oneza, "Sema umesamehe, Mama Hawla, maiti inangoja. Sema tu." Mwishowe sauti yake ikatoka, si ya hasira wala ya juu.

"Mzikeni. Siwezi kumzuilia mtu kaburi lake. Lakini msinilazimishe kusema nimesamehe. Nikisema leo nitakuwa nasema uongo mbele ya maiti, na mume wangu alikufa kwa uongo. Siku moyo wangu utakapoweza, nitakwenda kaburini kwake nimwambie mwenyewe."

Hakuna aliyemlaumu, wala aliyethubutu. Wakalibeba jeneza, wakamzika Rafii bila neno lile alilolingoja.

Kadhi Mundhir akajiuzulu. Watu walipokusanyika msikitini ili aombe radhi nao waitikie kama ilivyo desturi, alikataa kusimama. Badala yake alikwenda kwa kadhi aliyeshika nafasi yake, akasema, "Mwite Umaima anishitaki kwa kumnyima haki."

Kadhi mpya akaona aibu. "Sheikh, umeshatoka katika kazi."

Mundhir akamkemea, "Nyamaza! Usianzie pale nilipoharibikiwa mimi!"

Akashitakiwa, akakiri, akahukumiwa apite sokoni kila Ijumaa kwa muda wa mwaka, akitangaza kwa sauti kwamba Dhakwani alikuwa mkweli na kwamba kadhi Mundhir alimdhulumu mjane wake. Akalifanya hilo, mzee wa watu na fimbo yake, watoto wakimfuata nyuma. Wanasema alikuwa akiianza kazi hiyo kwenye mtaa wa Rafii, kwa kuwa huko ndiko kulikomuumiza zaidi.

Zamu ya maji ikarudishwa kwa Umaima. Maji yakaja hadi shambani kwake, akasimama na binti zake wakiyatazama yakizunguka visiki, kwa sababu hapakuwa na mtende hata mmoja uliobaki hai. Wakaanza kupanda upya, na kila mtu anajua mtende una miaka mingapi kabla ya kuzaa.

Na je, alikwenda kaburini? Wapokezi wamehitilafiana. Wako wanaosema alionekana huko alfajiri moja, amekaa chini, akizungumza polepole kama mtu aliye na mgonjwa. Wako wanaosema alifariki kabla, na kwamba alipokuwa anakata roho aliulizwa juu ya Rafii, akageuza uso. Mimi sijui lipi ni sahihi, na mwalimu wangu nilipomwuliza alilia, hakunijibu.

Enyi ndugu zangu, wako wanaodhani cheo ni nyumba, ukitoka ukafunga mlango yaliyomo hayakuhusu tena. Tusidanganyane. Dhuluma haishi kwenye kiti, huishi kwa aliyeitenda na kwa aliyetendewa, na wote wawili hutembea nayo mpaka ahukumu mtu hapa au ahukumu Mungu kule. Basi mwenye kukabidhiwa hukumu asimwonee huruma mkosaji kwa kumfungia mlango, maana huenda naye yuko nje anangoja kuitwa. Mola atujaalie tuitwe tungali na ulimi wa kujibu. Amin.