Maneno Aliyoyapunguza Mama Hizza

Isome hii taratibu, na ukiimaliza umpelekee yule ndugu yako mliyenuniana.

Palikuwa na mama mmoja Korogwe, watu wakimwita Mama Hizza. Mumewe, Mzee Singano, alikuwa na gari la zamani, buluu iliyopauka, alilolitunza kama mtoto wa mwisho. Wanawe wawili walikuwa mafundi, gereji moja, paa moja. Hizza, mkubwa, kazi yake pampu na nozeli, zile zinazotema petroli kwenye injini. Mbelwa, mdogo, kazi yake umeme: betri, koili, plagi, distributa ile inayogawa cheche.

Sasa hao ndugu wakagombana. Waligombania nini? Gari hilohilo, nani atabaki nalo baba akifa, na baba mwenyewe yu hai, anawasikia kutoka kitandani. Wakaapa kutosemeshana. Hizza hagusi umeme, Mbelwa hagusi mambo ya nozeli. Likiwapo neno, linapitia kwa mama.

Mzee akazidiwa. Akasema anataka kupanda kwao milimani, amshike mkono dada yake asiyeona, kabla hajafumba macho. Majirani wakaleta habari ya gari la kukodi. Akakataa.

"Nina wana wawili mafundi," akasema. "Nitapanda na gari langu."

Na gari lenyewe, tangu Hizza azisafishe nozeli, lilikuwa haliwaki. Stata inazunguka, inalia weee, halafu kimya.

Hizza akafungua, akatazama. Pampu inasukuma, petroli imefika, lakini nozeli kavu, hazitemi. Akamwita mama.

"Mwambie mwanao upande wangu ni mzima. Nozeli zinangoja umeme wake, nao umekufa, kama akili yake."

Mama akavuka uwanja na birika la chai, akamwambia Mbelwa kwamba kaka yake anaomba autazame umeme. Ile ya akili akaimeza. Ndivyo alivyokuwa, maskini. Amewalea hao watoto kwa kupunguza maneno. La moto alilipoza, lenye ncha alilikata ncha, akidhani siku moja yatabaki mazuri matupu na watapatana.

Mbelwa akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akamwomba mama azungushe ufunguo. Cheche ikaruka, kali, ya buluu. Mbelwa akacheka kicheko cha uchungu, kisha akasema maneno marefu yaliyoanza na tusi na kuishia na tusi. Mama akarudi kwa Hizza.

"Mdogo wako anasema moto upo."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mwanangu."

Basi ikawa kwenda na kurudi. Hizza anafungua nozeli upya, anazipuliza, anazirudisha. Mbelwa anabadilisha koili isiyo na ubovu wowote. Manyunyu yanaanguka, miguu ya mama imevimba.

Mzee akaomba aketishwe garini, huenda wakimwona amekaa watafanya haraka. Wakamfunika blanketi, wakamweka kiti cha nyuma, mama akakaa naye. Mbele boneti wazi. Mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mtu na uso wake kwingine.

"Mama Hizza," mzee akauliza, "wanasemaje?"

"Wanasema karibu tunaondoka."

Alasiri, mkono wa mzee ukalegea ndani ya mkono wake.

Aliposhuka kuwaambia, mara hii hakupunguza kitu. "Baba yenu amekufa."

Hizza akamgeukia mdogo wake. Ndilo lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu kiapo. "Umeme wako ndio umemchelewesha baba."

"Umeme ulikuwepo. Si nilikutumia neno uangalie waya?"

"Waya gani?"

"Ule mwembamba, unaotoka kwenye distributa kwenda kuziambia nozeli zako ziteme wakati gani. Uliuchomoa ulipozisafisha, na mikono yako ya kupalilia. Unaning'inia mpaka sasa."

"Umeuona, na mkono unao, usiurudishe?"

"Ni upande wako."

"Sikuletewa neno la waya mimi."

Wote wawili wakamtazama mama. Naye akakumbuka. Lilikuwepo. Lilikaa katikati ya yale matusi mawili, akalitupa pamoja nayo.

Hakuna aliyemlaumu. Wangemlaumu kwa lipi, na wao ndio waliomtwika? Hizza akapeleka mkono chini ya distributa, akaupapasa waya, akauchomeka. Mbelwa akakaa kwenye usukani, akageuza ufunguo. Gari likawaka palepale, likanguruma laini kama zamani.

Likaupanda mlima wote bila kukohoa. Ndugu wamekaa mbele, bega kwa bega. Nyuma, mzee kalala mapajani mwa mkewe.

Juu kule, dada yake alikuwa ameketi kibarazani. Macho hayaoni, lakini mlio wa gari la kaka yake aliujua. Akainuka, akajifunga vizuri kanga, akanyoosha mkono mbele yake, akitabasamu, akingoja ushikwe.

Funzo: Neno la ndugu yako mpelekee wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukimtwika mtu mwingine litafika limepungua, na huenda kilichopungua ndicho kilichokuwa kikihitajika.