Mchungwa wa Kwamhunda Uitwe Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu hukumu ya kisa hiki itatoka kwenu.

Kijijini Kwamhunda, huko Tanga kwenye machungwa, walikuwapo watu watatu. Mkulima Mhina alikuwa mtu wa msimamo: akisema hapa sitoki, hatoki. Zaituni, mtoto wa dada yake, fundi wa maabara ya miche, alikuwa na subira ya ajabu. Kibwana, mchoma mkaa, hakuogopa moto.

Ugonjwa ukaingia mashambani. Michungwa ikakauka yote, isipokuwa mmoja uani kwa Mhina. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mti ule ndio unaoinyonya mingine. Asubuhi moja wakaja na mapanga.

"Mtapita juu yangu kwanza," alisema Mhina.

Wakapita. Panga la kwanza lilimchana bega. Akavunja tawi, akamrushia Zaituni. "Kimbia nalo, mwanangu!" Panga la pili likamkata shingo.

Zaituni alikimbia, damu ya mjomba wake imemrukia usoni. Nyuma yake alisikia shoka la Kibwana likiuangusha mti. Polisi waliwakamata waliomuua Mhina; mwenye shoka, kwa kuwa alikata mti tu, akaachwa.

Maabarani Zaituni alilikata tawi vipande vidogo, akavisafisha, akavipandikiza kwenye chupa zenye rojo ya chakula cha mimea. Alipotia homoni ya kuchipusha, majani yakatoka. Mizizi ikagoma. Akizidisha homoni ya mizizi, vipande vinavimba na kuoza; akipunguza, vinanyauka. Alilia, akaosha chupa, akaanza upya. Kila akifumba macho aliliona lile bega. Hatimaye alipata kipimo: ukatokea mzizi, mwembamba kama uzi.

Kijijini zikavuma habari kwamba Zaituni anafuga uchawi kwenye chupa. Waliobaki wakaja tena, mchana kweupe, na petroli. Walimpiga mawe mpaka meno yakamtoka, wakaitia maabara moto.

Kibwana alikuwa miongoni mwao. Kupitia dirishani aliona rafu nzima ya majani mabichi.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Ni michungwa tu hii! Tumemuua mtu bure!"

Mwenzake alimzibia mlango. Kibwana akampasua paji la uso kwa mpini wa shoka, akaingia. Alitoka amekumbatia chupa moja, nywele zinawaka, macho yote mawili yameungua.

Kutokana na chupa ile moja Zaituni alizalisha miche ya kijiji kizima. Ilipoanza kuzaa, watu wakaketi kuupa mchungwa huo jina.

"Mume wangu asingesimama, mngeotesha nini?" aliuliza mjane wa Mhina.

"Na tawi lile bila Zaituni lingekuwa kuni," wakajibu wengine.

Kibwana, kipofu sasa, alisimama, ameshikwa mkono. "Bila mimi chupa zote zingekuwa majivu. Nilichokifanya kabla ya hapo nakijua. Pimeni wenyewe."

Zaituni alimtazama yale makovu. Alitaka kumtemea mate. Alitaka pia kumshika ule mkono mwingine. Hakufanya lolote. Walipomwuliza neno lake, aliinuka akatoka nje.

Kikao kikavunjika bila jina, na mpaka sasa wanagombana.

Haya, mlionisikiliza: mngeitwa ninyi kwenye kikao kile, mchungwa ule mngeuita nani?