Paka Tui na Mstari Mmoja wa Fomu

Sogeeni, na mwenye mchele wa kuchambua aje nao. Kusikiliza hakuzuii mikono kufanya kazi.

Katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, walipanga watu watatu, kila mtu na chumba chake, ua ukiwa mmoja. Bi Zuwena, muuza maandazi, alijaliwa pua: alijua mafuta yamechacha hata kopo halijafunguliwa. Fundi Shekue, seremala, alijaliwa mikono: kiti chake hakikuwahi kuyumba. Mashavu, mshonaji, alijaliwa masikio: cherehani ikitaka kukata uzi, yeye alishasikia.

Kituo cha kulelea wanyama waliotupwa kiliwaomba wamlee Tui, paka mweupe, kipofu. Akishazoea kuishi na watu, mmoja wa hao wapangaji watatu angemchukua awe wake kabisa. Walikubali, maana panya walikuwa wengi.

“Kipofu atakamataje panya?” Bi Zuwena aliuliza.

“Atawasikiliza,” Fundi akamjibu, “kama wewe unavyosikiliza mambo ya watu.”

Wiki ya kwanza Tui hakula. Alipewa dagaa, akapewa maziwa, akageuza uso. Mashavu akasema paka ana huzuni. Bi Zuwena akamnusa mdomo, akasema huzuni hainuki hivyo, hilo ni jino. Asubuhi ile hakuchoma maandazi. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, yakang'olewa meno mawili. Jioni Tui alikula dagaa waliopondwa, akalala kwenye kanga ya Bi Zuwena, na kanga hiyo haikurudi tena kwa mwenyewe.

Alipopata nguvu akaanza kutembea, na kila hatua akawa anajigonga. Jiko leo liko hapa, kesho pale, ndoo vilevile. Fundi Shekue akalichimbia benchi miguu ardhini, kibao cha mtungi akakipigilia ukutani, jiko akalijengea mahali pake. Akatangaza kwamba uani hakihami kitu.

“Hata mimi?” Bi Zuwena akauliza.

“Wewe nitakupigilia mwisho.”

Baada ya mwezi Tui alikatiza ua kama mwenye nyumba, akianzia kila safari kwenye mtungi.

Ikafika siku ya kuamkia Idi. Usafi wa Idi mnaujua: kila kitu nje, hata kisicho na vumbi. Bi Zuwena akaburuta mikeka. Fundi akaling'oa benchi kwa mikono yake ili chini yake pafagiwe. Mashavu akasugua ua kwa sabuni mpaka harufu zote za zamani zikaondoka. Hakuna aliyemkumbuka Tui, aliyekuwa amelala chumbani. Alipoamka alikuta ua usio wake. Akautafuta mtungi asiupate, akafikia mlango wa nje, akatoka.

Walimtafuta mpaka alasiri. Bi Zuwena alinusa, akapata sabuni tu. Fundi aliinua kila ubao, asione kitu. Mashavu akapita nyumba kwa nyumba akiomba watu wazime redio na waache kutwanga, dakika tano tu. Wakamcheka, lakini wakazima. Mtaa ulipotulia akasikia sauti nyembamba chini ya barabara. Akalala kifudifudi na gauni lake la kazi, akaingiza mkono mferejini mpaka begani, akamtoa Tui akitetemeka.

Sasa mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Bi Zuwena anahamia Muheza, Fundi anarudi Lushoto, Mashavu amepata chumba Chumbageni. Dada wa kituo amekuja na fomu, na fomu ina mstari mmoja wa jina.

“Bila mimi asingekula,” alisema Bi Zuwena.

“Angekula, akabaki amejikunyata kwenye kona,” alisema Fundi.

“Angekula, akatembea, akafia mferejini,” alisema Mashavu.

“Na huko mferejini alipelekwa na nani?” Bi Zuwena akauliza.

Mizigo ilikuwa imeshafungwa, benchi limeng'olewa tena, na Tui alikuwa akizunguka ua mtupu, akiutafuta mtungi. Aligonga mguu wa Mashavu, akagonga wa Fundi, akagonga wa Bi Zuwena, kisha akaketi katikati yao akasubiri.

Dada wa kituo ameshafungua kalamu. Je, ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?