Zimwi la Pampu na Faili Lisiloonekana

Paukwa!

Pakawa!

Zimwi lipo?

Lipo, na lina njaa!

Hapo zamani za juzi, zimwi lilihamia kwenye kompyuta ya pampu ya maji mjini Kisimakavu. Programu yoyote ya kuendesha pampu, zimwi huitafuna kwanza ndipo igeuke kazi. Sharti lake moja: "Nikikwama mara tatu, nammeza aliyeniletea."

Siku moja Makame, fundi wa pampu, akalilisha zimwi programu yake ya kila wiki. Likatafuna mstari wa kwanza, likakwama.

"Faili pampu.h liko wapi? Silioni!"

Hilo ndilo faili lenye majina ya kazi zote za pampu. Makame akaandika programu upya. "Silioni!" Akaandika tena, jasho linamchuruzika. "Silioni!"

Basi likammeza, na viatu vyake.

Maji yakakatika siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Wanawake wakapanga ndoo na kumsema mke wa Makame, Riziki. "Kelele zake ndizo zilizomchanganya mume!" Na kelele alikuwa nazo, tusidanganyane.

Riziki akajifunga kibwebwe, akaenda.

"Nirudishie mume wangu!"

"Nilishe programu nisikwame, nitamtema. La sivyo, bibi, nakuona umenona."

Akalilisha programu ile ile. "Silioni!"

Akalikagua jina la faili herufi kwa herufi, halina kosa. Akalilisha tena. "Silioni!" Zimwi likalamba midomo.

Imebaki mara moja tu. Riziki akaketi, akawaza. Wiki iliyopita si alimgombeza Makame? "Mafaili yako yametapakaa kama nguo chafu! Panga!" Na Makame, kwa kuuogopa mdomo wa mkewe, akapanga.

Basi akafungua folda moja moja. Ndani ya folda iitwayo ghala, pampu.h hilo, limetulia tuli.

"We zimwi, mbona ghalani hukuangalia?"

Zimwi likanuna. "Mimi mgeni hapa. Naishia barazani, pale programu ilipo. Sifungui vyumba vya watu mpaka mwenyeji anionyeshe."

"Kumbe una adabu! Haya, karibu ghalani."

Programu hakuigusa hata nukta. Kwenye amri ya kuliamsha zimwi akaongeza alama ya -I, yaani "tafuta na humu", na ubavuni mwake jina la ghala.

Zimwi likatafuna mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. "Nimeliona! Nimeliona! Nimeliona!" Likacheua, puu! Makame huyo, viatu mkononi. Pampu ikanguruma, mabomba yakakohoa, maji shwaa! Waliomsema Riziki ndio waliopiga vigelegele kuliko wote.

"Umehamisha faili bila kumwambia mgeni?" Riziki akamfokea mumewe, huku machozi yanamtoka.

"Mke wangu, wewe ulisema nipange tu."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ndoo akakinge. Nanyi wajukuu, mkiambiwa kitu hakionekani, msikimbilie kuanza upya. Hakikisheni kipo, kisha onyesheni njia.