Mzabibu Aliyeosha Mizizi

Zamani, mizabibu ya Dodoma ilipokuwa ikioana na kuhamiana kama watu, binti mmoja Mzabibu alichumbiwa na shamba la mbali, lenye udongo mwekundu mkavu. Binti mzuri, lakini kujiona! Mimi sikuwapo, ila nililosikia silifichi.

Kwao, mizizini pake, aliishi Kuvu, kiumbe mwembamba kama uzi mweupe, hana jani, haoni jua. Mzabibu alipopika sukari juu majanini, Kuvu alipata kionjo. Majirani walimwita mdoezi. Afanya kazi gani huko chini? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeuliza. Kumsema kulikuwa kutamu zaidi.

Siku ya kuhama, Mzabibu akaosha mizizi mpaka ikang'aa.

“Siendi kwa watu na huyu akining'inia miguuni.”

Shangazi yake, mzabibu mkongwe mwenye magome yaliyochanika, akamwonya: “Mwanangu, bibi harusi huogeshwa mwili, haogeshwi bahati.”

Hakusikia.

Ugenini njaa ikamkamata. Chakula kilikuwamo udongoni, lakini kilijibana katika vijitundu ambavyo mizizi yake minene haikuweza kupenya. Majani yakaiva wekundu wa zambarau. Mgunga wa mpakani, mwenye mdomo mrefu kuliko miiba yake, akatangaza: “Mwali wetu kapaka hina ya njaa! Msimu huu asipotoa kichala, atang'olewa awe kuni. Nimemsikia mwenye shamba kwa masikio yangu.”

Habari zikamfikia shangazi. Akaja na konzi ya udongo wa kwao, kaifunga katika pindo la kanga. Msiniulize mzabibu alivaaje kanga. Akaumwaga shinani, na Kuvu akachomoza humo.

“Mdoezi kaja,” alisema taratibu. “Nikae, au nirudi?”

“Kaa, kaka yangu. Sukari yangu ni yako. Usinisimange tu.”

“Kukusimanga nitakusimanga. Lakini kula kwanza.”

Akatandaza nyuzi zake, zikapenya kila kijitundu, zikarudi na chakula na maji. Msimu ulipofika, Mzabibu alitoa vichala vitatu. Vidogo, lakini vitatu! Mgunga akatafuta mwingine wa kumsema.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu mche wa mzabibu hauhami peke yake. Anayeupanda hutia shimoni konzi ya udongo wa shina kongwe, na Kuvu huenda nao, akila na kulisha. Sasa nani anamdoea nani? Hapo sitii neno. Mimi si mtu wa kusema watu.