Raihani na Sauti za Durmani

Wametuhadithia waliotutangulia, Mungu awarehemu, ya kwamba mji wa Durmani ulitawaliwa na Sultani Kamarudini, mwenye farasi na bustani na mwana mmoja tu, jina lake Badrani. Na katika jumba lake alikuwamo mfagiaji, msichana aitwaye Raihani, bubu tangu kuzaliwa, aliyekuwa akizungumza na mamaye kwa vidole, na mama alipofariki hakubaki mtu wa kuitazama mikono yake.

Siku Badrani alipovikwa upanga, ngoma na mabaragumu yalilia hata yakamwamsha jini Sakharu aliyelala chini ya jumba, akatoka kama moshi mweusi, akanguruma, "Enyi wana wa Adamu, mmenivunjia usingizi, nami nazichukua sauti zenu!" Akazitia zote katika chupa ya shaba, akaenda zake.

Mji ukazizima. Maduka yakafungwa, kadhi akashindwa kuhukumu, na wajuao kuandika walikuwa wachache mno. Watu waliona msiba tu. Raihani, aliyezoea kimya, aliona kwamba maneno wangali nayo, ila hawana pa kuyapitisha. Akaenda sokoni, akamshika mkono muuza maziwa, akamfundisha kusema "chukua" na "ghali" na "Mungu akubariki", na aliyejifunza akamfundisha mwenziwe, hata mji mzima ukawa unanena kwa vidole. Na akina mama waliowaficha watoto wao mabubu vyumbani kwa aibu wakawatoa nje, kwani sasa walikuwa walimu.

Sultani akamwita, akamwambia kwa mikono yake mizito yenye pete, "Umeupa mji wangu ulimi, nami nitakuoza kwa mwanangu."

Na Badrani, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaongeza kwa vidole, "Kabla yako sikupata kusikilizwa."

Raihani alitoka akiwa na furaha asiyoijua. Njiani akamkuta Bi Hidaya, kipofu, ameketi kizingitini akipapasa hewa, hasikii neno la mtu wala haoni mikono ya mtu, na sauti ya kuuliza hana. Raihani akamwekea ishara kiganjani; bibi akaruka kwa hofu, akajikunyata. Na vipofu wa Durmani walikuwa wengi. Raihani akaketi kando yake, akalia.

Hapo jini akamtokea. "Nilitaka mji huu ufe kwa kimya, nawe umenishinda. Kwetu, atushindaye tunamtimizia haja moja tu. Omba sauti yako."

Raihani akaitazama mikono yake kitambo kirefu, akijua kwamba sauti zikirudi hakuna atakayeitazama tena. Akajibu kwa vidole, "Warudishie zao."

"Na wewe je?"

"Umesema haja moja tu."

Jini akainamisha kichwa, akaivunja chupa. Mji ukalipuka kwa vifijo. Bi Hidaya akawaita wanawe, wakamwitikia. Raihani akaenda jumbani, akamkuta waziri akisema, "Ewe maulana, malkia asiyeweza kumjibu balozi ni fedheha."

"Ahadi ile niliitoa kwa mikono," akasema Sultani, "ulimi wangu haukuapa."

Badrani akamtazama Raihani, akaanza kuinua mikono, akaona baba yake anamtazama, akaishusha. Akaoa binti wa sultani wa ng'ambo, na Raihani akazifagia asumini za harusi ile.

Sultani, kwa kuona haya, akampa nyumba na kasha la lulu. Nyumba ile akawafungulia watoto mabubu, kwani mama zao walikataa kuwaficha tena. Mchana ilijaa vicheko. Jioni, wakishakwenda kwao, mikono ya Raihani ilikaa mapajani, haina wa kumwambia neno.

Miaka ikapita, na wawili katika watoto wale wakataka kuoana. Wazee wakanong'ona, "Bubu ataitoaje idhini?" Kadhi akamwuliza bibi harusi, naye akajibu kwa vidole, mbele ya watu wote.

Kadhi akasema, "Nimesikia."

Raihani akajifunika ushungi, akalia kwa ajili yao na kwa ajili yake.

Na hii ndiyo hekaya yake, enyi wasikivu: afunguaye njia huenda asiipite mwenyewe, lakini njia hubaki wazi kwa wajao, ashukuriwe asishukuriwe.