Ungo wa Mwatime

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nimesema! Mnaopiga miayo huko nyuma sijawasikia.

Pakawa!

Haya. Hapo kale walikuwepo nyota wawili wachanga, mtu na mdogo wake, watoto wa wingu moja. Mkubwa aliitwa Sikudhani, mdogo Mwatime. Mama Wingu alimpa kila mmoja ungo wa vumbi unaomzunguka kiunoni. Akasema, "Hiki ndicho chakula chenu. Kuleni kabla upepo haujakipeperusha. Asiyeshiba hatawaka."

Sikudhani hakuutazama ungo wake. Aliutazama wa Mwatime. "Wake mpana! Wake mnene! Mama anampenda yeye!" Wivu ukamkaba, tonge halishuki.

Basi siku moja akaliita zimwi la gizani. "Nenda ukautikise ungo wa mdogo wangu, chakula chote kimwagike."

"Utanipa nini?"

"Ungo wangu una mafungu matatu. Kula moja."

Zimwi likala, likaenda, likautikisa: tiki, tiki, tiki! Lakini wanangu, chakula cha nyota kikitikiswa hakimwagiki nje. Humporomokea mwenyewe! Bonge zima likamwingia Mwatime kinywani. Akawaka pwaa! Kisha akafifia, ila alikuwa amenenepa.

"Hukutikisa vizuri!" Sikudhani akafoka. "Rudia!"

Zimwi likala fungu la pili, likatikisa: tiki, tiki, tiki! Mwatime akawaka pwaa, akafifia, akazidi kunenepa.

Akaita, "Dada, mbona huli? Upepo unakuja."

"Kula chako, niache!"

Roho ilimuuma Sikudhani hadi akalia. "Zimwi, tikisa kwa nguvu zako zote!"

Likala fungu la mwisho, likatikisa: tiki, tiki, tiki! Mwatime akawaka pwaa! Mara hii hakufifia.

Basi upepo ukaja. Sikudhani akainama apate japo tonge moja. Ungo mtupu.

"Zimwi, nirudishie kidogo!"

"Nimeshakula," likasema, likaenda zake.

Mwatime akapapasa ungo wake ampe dada yake. Upepo ulikuwa umeshaufagia.

Mpaka leo Sikudhani yuko palepale, kaa jekundu lisilowaka, ubavuni mwa mdogo wake. Watu wakitazama juu humwona Mwatime. Yeye hawamwoni.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye wivu alimlisha mdogo wake, yeye akabaki na njaa. Basi nanyi, kila mtu ale kilicho mbele yake.